Double Wear usoni mwa bibi harusi wa Moshi na Arusha: saa 18 si mchezo

Bibi harusi wa Jumamosi hukaa kwenye kiti cha mpambaji saa 12 asubuhi. Ibada saa 4 au 5, picha mchana kutwa, ukumbini jioni, na keki mara nyingi haikatwi kabla ya saa 3 usiku. Wageni wanapoanza kuaga saa 6 usiku, uso ule ule umebebwa saa 18. Katikati umelia kwenye kuagana na mama, umepigwa jua kwenye bustani ya picha, umekula vumbi la msafara, umekumbatiwa na mashangazi wote wa pande mbili na kulishwa ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) mbele ya kamera. Faundesheni (rangi ya msingi inayopakwa uso mzima) yoyote inayojiita ya harusi ipimwe kwa siku hiyo. Mkono uliopakwa dukani kwa dakika tano hausemi kitu.

Tuseme hukumu mapema. Estée Lauder Double Wear Stay-in-Place inaiweza siku hiyo kuliko faundesheni nyingi zinazopatikana kwenye mabegi ya wapambaji wa huku Kaskazini, lakini inataka mkono mwepesi na ngozi iliyoandaliwa. Jasho inalisamehe. Ngozi kavu haiisamehe, na mpambaji anayeamini kwamba kupaka zaidi ndiko kudumu zaidi atailaumu bure.

Ipo sokoni tangu 1997, na muundo wake ndio unaoeleza tabia zake zote. Ndani kuna maji, rangi, silikoni nyepesi inayoruka hewani na utomvu wa silikoni unaobaki. Ukishaipaka, ile nyepesi inaondoka ndani ya dakika moja au mbili na kuacha utando mwembamba ulioikamata rangi. Maji hayaufungui utando huo, ndiyo maana jasho na machozi hupita juu yake. Mafuta huufungua: ya ngozi yenyewe, ya losheni nzito, ya nazi aliyopakwa asubuhi na shangazi mwenye nia njema, ya nyama. Kampuni inadai saa 24. Tegemea mashavu na paji kufika usiku wa manane yakiwa salama. Pembe za pua na kidevu vitahitaji kuguswa mara moja au mbili, kwa ngozi ya mafuta hata mara tatu. Kiwango cha kinga ya jua ni SPF 10, kidogo mno kwa picha za nje saa 7 mchana. Bibi harusi ajikinge kwa mwavuli.

Rangi husomwa kwa namba. Tarakimu ya kwanza ni kina cha weusi, inapanda mpaka 8. Herufi ni joto la rangi iliyo chini ya ngozi: W ni ya manjano au dhahabu, C ni ya wekundu, N iko katikati. Kwa wanawake wengi wa huku, kazi ipo kati ya 5W na 8N. 6W1 na 7W1 ni namba za kuwa nazo kwenye begi wakati wote, na ukichanganya hizo mbili unawafikia wateja wengi. Anayetumia faundesheni za kampuni ya MAC awe macho, kwa sababu herufi za huko zinakwenda kinyume na matarajio: NC ndiyo ya ngozi yenye udhahabu, NW ni ya wekundu. Waliozoea moja hukosea sana wanapohamia nyingine.

Jaribio la rangi lifanyike kwenye taya likishuka hadi shingoni, dirishani, na lisubiriwe dakika 15. Double Wear ikikauka hukolea kidogo. Rangi inayokaa sawasawa sekunde ya kwanza itakuwa nzito mteja akifika kanisani. Na hapa tuseme lile ambalo watu hulizunguka: wateja waliotumia mkorogo (krimu za kuchubua ngozi). Uso Fanta, shingo na mikono Koka. Ukilinganisha faundesheni na uso, unatengeneza barakoa, kwa sababu gauni la harusi linaacha wazi kifua, mabega na mikono, na kamera inaona vyote kwa pamoja. Linganisha na kifua, kisha uuteremshe uso taratibu kwa kuchanganya namba moja ya juu zaidi pembeni mwa uso. Mwambie mteja mapema, siku ya jaribio, si asubuhi ya harusi mama mkwe akiwa mlangoni.

Kuhusu feki. Chupa halisi ya ml 30 huko Marekani inazunguka dola 50, yaani zaidi ya laki moja ya kwetu kabla ya usafiri. Ukiuziwa kwa elfu 25, umeuziwa kitu kingine kabisa. Bei kubwa nayo si ushahidi, kwa hiyo fanya mambo matatu. Nusa: halisi haijatiwa manukato, feki nyingi hunukia poda ya mtoto. Angalia namba ya toleo chini ya chupa kama inafanana na ya kwenye boksi. Kisha paka tone moja nyuma ya kiganja, ngoja dakika 5, dondoshea maji na usugue kidogo kwa kidole. Halisi itabaki, feki itateleza na kuacha maji yenye rangi. Muuzaji anayekataa jaribio hilo ameshakujibu.

Kasoro moja ya chupa iliyouzwa kwa miaka mingi: haina pampu. Kwa bidhaa ya bei hiyo ni jambo la kukera. Pampu huuzwa peke yake, na bila hiyo unamimina kwa kukisia, unamwaga, na mdomo wa chupa unaganda. Kila inapoachwa wazi ile silikoni nyepesi inaruka na faundesheni inakuwa nzito. Futa shingo ya chupa, funga upesi, na usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani Moshi.

Moshi si Arusha

Ni mwendo wa kilomita 80 hivi tu, lakini uso unajua tofauti. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000. Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani na kumbi zikijaa harusi za kila siku ya wiki, joto na jasho ndivyo vinavyosumbua. Arusha iko mita 1,400 hivi, na Juni hadi Agosti kuna ubaridi na upepo mkavu wa asubuhi unaomfanya bibi harusi awe na magamba madogo pembeni mwa pua bila yeye kujua. Double Wear imekaa kama iliyotengenezwa kwa ajili ya Moshi ya Desemba. Kwa Arusha ya Julai ni lazima uibembeleze, maana utando wake hushika kila gamba na kuliongezea rangi.

Kwa hiyo maandalizi hayafanani. Moshi: uso uoshwe kwa sabuni laini, upakwe jeli nyepesi ya maji isiyo na mafuta, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, ungoje dakika 10, kisha tishu ikandamizwe usoni kunyonya kilichobaki. Praima ya silikoni (inayopakwa chini ya faundesheni) iende kwenye pua, katikati ya paji na kidevu tu, kiasi cha punje ya choroko. Arusha ya baridi: magamba yaondolewe jana yake kwa kitambaa laini chenye uvuguvugu, asubuhi jeli ya maji halafu krimu nyepesi juu yake, ungoje dakika 15, na praima uisahau kabisa mashavuni. Kote kote, nyusi zitindwe siku 2 au 3 kabla. Zikitindwa asubuhi hiyo, ngozi iliyochubuka hutoa majimaji na faundesheni haishiki pale, utaona vijidoti vya mng'ao juu ya nyusi kwenye picha zote.

Mpako wenyewe

Tikisa chupa vizuri, rangi huzama chini. Mimina ml 1 kwenye bamba, si kwenye kiganja; joto la kiganja huikausha haraka. Uso mmoja pamoja na shingo na kifua hula ml 1 hadi 1.5, kwa hiyo chupa moja inatoa maharusi 20 hadi 30. Ikiwa yako inaisha kwa maharusi 10, unapaka mara mbili ya kinachotakiwa.

Kwa kuwa inakauka ndani ya dakika mbili, usiweke vidoti uso mzima kama watu wanavyozoea. Utakapofika shavu la pili la kwanza limeshaganda, na ukilirudia unalichana. Fanya kipande kwa kipande: shavu moja mpaka liishe, la pili, paji, kidevu, pua mwisho kwa kile kilichobaki kwenye brashi. Brashi nene yenye nywele zilizobanana iende kwa kudonadona, halafu sponji yenye unyevu ibonyeze kingo. Sponji ikamuliwe ndani ya taulo mpaka haitoi tone. Sponji iliyolowa ndiyo chanzo cha mabaka tunayoyaona sana kwenye harusi za huku: maji yanaingia katikati ya silikoni, rangi inagawanyika, na mpambaji anafunika kwa kuongeza tabaka. Tabaka la kwanza likishakauka dakika 3, ongeza pale tu panapohitaji. Mara nyingi ni kidevu na pembe za mdomo.

Madoa meusi na weusi wa chini ya macho visifukuzwe kwa faundesheni. Rangi ya chungwa, nyembamba, chini ya faundesheni, juu ya eneo lenye weusi tu; kwa ngozi ya maji ya kunde tumia rangi ya pichi. Ukiacha hatua hii na kupaka konsila (krimu ya kufunika madoa) nyeupe juu ya weusi, utapata kijivu. Na kwa kuwa harusi zinabaki ukutani miaka 20, konsila isizidi ngozi kwa zaidi ya ngazi moja. Ile pembetatu nyeupe chini ya macho ndiyo itakayowachekesha watoto wao.

Kosa linalowashinda hata wenye uzoefu ni blasha (rangi ya mashavu) ya krimu. Kwa Double Wear iliyokauka, krimu haichanganyiki; inausugua utando na kuacha shimo. Ama uipake kabla ya faundesheni, ama ndani ya dakika ya kwanza ikiwa bado laini. Baada ya hapo ni blasha ya poda pekee. Ukitumia zote mbili, krimu chini na poda juu, mashavu yanafika usiku.

Poda isisuguliwe. Chukua pafu, ikunje, kandamiza na kuinua. Moshi, uso mzima kidogo na zaidi kwenye pua. Arusha ya baridi, pua, paji na chini ya macho basi. Kabla ya kumaliza, zima taa na umpige mteja picha kwa flashi ya simu kutoka hatua moja na nusu. Poda nyeupe zenye silika nyingi hurudisha mwanga na kumfanya awe kama aliyemwagiwa unga. Kwenye kioo huoni kitu. Poda ya rangi ya ndizi au ya kahawia yenye joto ni salama zaidi kwa ngozi nyeusi, lakini jaribio la flashi halina mbadala, maana mpigapicha wa ukumbini hatakuomba ruhusa.

Spreyi ya kukazia tofautisha na ile ya maji yenye gliserini ambayo inalainisha tu mwonekano wa poda. Ya kukazia ina utando wake. Umbali ni sentimita 25 hivi, macho na mdomo vimefungwa, kwanza kama herufi X halafu T, kisha ipepewe mpaka ikauke. Karibu zaidi ya hapo, matone yanakuwa makubwa na yanachimba poda. Inafaa kupulizwa mara mbili: baada ya faundesheni na mwishoni.

Gauni linaingia dakika 15 baada ya hayo yote, na liingie kwa miguu. Likilazimika kupita kichwani, mfunike uso kwa skafu laini. Double Wear iliyokauka haihami kwa urahisi kwenye kitambaa, ila kifua hutoka jasho na watu hukisahau bila poda, na kola nyeupe ndiyo inayolipa.

Macho tutayapita upesi kwa kuwa sheria ni chache. Wanja wa jeli usiopitisha maji, maskara ya aina hiyo hiyo, na kope bandia zilizokatwa vipande vitatu badala ya utepe mmoja, maana utepe mrefu hufunguka pembe ya ndani machozi yanapoanza. Gundi iachwe sekunde 30 hadi 45 mpaka inate ndipo ibandikwe. Ijaribiwe nyuma ya sikio siku 2 kabla. Macho yaliyovimba hayana meikapu.

Midomo ina habari zaidi. Lipstiki ya maji inayokauka hukaa vizuri mpaka ndafu ifike, halafu mafuta ya nyama huimenya katikati na kuacha mzingo pembeni. Inadumu zaidi hivi: penseli ijaze mdomo wote, lipstiki ya kawaida juu, kandamiza kwa tishu, weka tishu ya ply moja (iliyogawanywa ibaki tabaka moja) na upitishe poda juu yake, halafu tabaka la pili. Ikitoka, inatoka polepole na kurudishiwa ni rahisi. Na jambo la huku hasa: maji ya sehemu nyingi za Arusha na Meru yana floraidi nyingi, na wengi waliokulia huko wana meno yenye rangi ya kahawia. Nyekundu yenye ubluu ndani yake au zambarau iliyoiva huyang'arisha. Chungwa na kahawia ya udongo huyasukuma mbele. Mpambaji anayejua hili humwonyesha mteja rangi akitabasamu, bila kulitaja neno meno hata mara moja.

Ikishindikana na ikilinganishwa

Malalamiko makubwa kuhusu Double Wear ni matatu. La kwanza, kukauka kama plasta. Hiyo karibu kila mara ni ngozi isiyoandaliwa au tabaka nne. La pili, uzito. Anayetaka iwe nyepesi huichanganya na mafuta ya uso, naye amevunja utando kwa mkono wake mwenyewe. Ichanganye na praima ya silikoni, tone 1 kwa matone 4. La tatu, chunusi baada ya harusi, ambazo mara nyingi zinatokana na kulala nayo au kuiosha kwa maji na sabuni tu.

MAC Studio Fix Fluid inapatikana kwa urahisi zaidi, inakauka taratibu na inamsamehe anayejifunza, lakini kwenye pua ya mafuta inafunguka mapema. Fenty Beauty Pro Filt'r, iliyoanza 2017 na rangi 40, ina rangi za ngozi nyeusi sana zilizofikiriwa vizuri, nayo hukolea ikikauka kwa hiyo chagua ngazi ya chini kidogo. Stiki za faundesheni za Kryolan zinafunika kovu lolote na ni za lazima kwenye begi kwa kazi ya doa moja. Uso mzima kwa saa 18 ni mzigo. Kwa bibi harusi mwenye ngozi kavu sana wa Julai, Arusha, tungechukua Studio Fix na kuiacha Double Wear itulie kwenye pua tu.

Kifurushi cha harusi kisichokuwa na jaribio na mfuko wa msimamizi hakijakamilika, hata kiwe kwenye saluni yenye viti vya dhahabu. Mfuko huo uwe na tishu, pafu yenye poda ndani ya kifuko, lipstiki ile ile, vijiti vya pamba na gundi ya kope. Msimamizi aelekezwe: jasho kwanza linanyonywa kwa tishu iliyogawanywa ply moja, kwa kukandamiza, ndipo poda. Poda juu ya jasho inakuwa uji. Machozi yanakingwa na ncha ya tishu kwenye pembe ya ndani kabla hayajaanguka, kichwa kikiinamishwa mbele kidogo, si nyuma.

Usiku, kabla ya kulala, balmu au mafuta ya kusafishia yasuguliwe kwenye uso mkavu dakika 1 mpaka faundesheni iyeyuke, maji kidogo yaongezwe mpaka igeuke kama maziwa, yaoshwe, kisha sabuni laini ifuate. Mkikosa balmu hotelini, mafuta ya nazi yanafanya kazi hiyo hiyo.